Nani Alizilisha Seli za Mama?

Mengine yote yaliyotokea katika kile chumba yalipata maelezo, ya kisomi au ya kiganga, na kila mtu akachukua lililomtosha akaenda nalo nyumbani. Lakini hili la kwanza, dogo kuliko yote, halijapata jibu mpaka leo: nani alikuwa akizilisha zile seli?

Seli za mwanadamu zikiwa ndani ya chupa ni kama watoto wachanga, hazijui sikukuu wala mgomo. Hukaa katika kabati la joto, zimejinyoosha kwenye sakafu ya chupa bapa, zimefunikwa na maji ya chakula yenye rangi ya waridi. Kadiri zinavyokula, maji yale hugeuka kuwa ya chungwa, halafu manjano. Yakishakuwa manjano, mtu asipokuja kuyamwaga na kuweka mapya, zinakufa. Ndiyo maana watu wa kazi hiyo hawaendi mbali. Harusini huondoka kabla ya chakula, msibani huaga kabla ya wengine.

Bomba kuu la maji lilipasuka na jengo zima la sayansi la chuo likafungwa kwa siku kadhaa, funguo zikiwa kwa mlinzi. Lilipofunguliwa, wa kwanza kuingia katika chumba cha seli alikuwa mtafiti mmoja wa kike ambaye wenzake walimwita Kesho, kwa sababu kila aliyemuuliza lini atamaliza shahada yake ya uzamivu alijibiwa hivyo. Aliingia akijifuta machozi tayari. Alitarajia manjano. Alifungua kabati akakuta waridi, maji mapya, yamejaa mpaka shingoni, kana kwamba yametiwa alfajiri ileile.

"Ulikuja lini kuzilisha?" alimuuliza mwenzake.

Mwenzake huyo aliitwa Darubini. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za protini zilizogandishwa na kutafuta maumbo yake, na kwa mzaha hakuwa na mpinzani jengo zima.

"Mimi? Dada, siku zote hizi nilikuwa nahamisha makabati ya mke wangu. Muulize Profesa."

Profesa alikuwa safarini. Mlinzi aliapa kwamba hakumfungulia mtu.

"Basi ni mzimu," Darubini alisema. "Nilikwambia. Ndiye huyohuyo anayekula chakula changu kwenye friji."

Kesho hakucheka. Alisogeza pua karibu na kabati. Katika chumba kile marashi yalikatazwa, hata sabuni ilikuwa ya aina isiyonukia. Lakini kutoka ndani ya lile joto ilikuja harufu ya dawa ya kuchua, ile kali inayochoma macho, ambayo yeye mwenyewe aliipaka mara nyingi kwenye magoti ya mtu.

Seli zile zilikuwa za mama yake.

Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa kunyauka misuli, ulioanzia vidoleni ukapanda polepole mpaka kwenye pumzi. Kabla hajafa alikubali daktari akate kipande cha nyama kisichozidi ukucha, kwa ajili ya utafiti wa bintiye. "Chukueni," alisema akicheka, "kama mtapata pa kutafuna." Kwa kawaida seli za mtu zikigawanyika mara nyingi huchoka na kuacha. Hizi hazikuchoka. Profesa, aliyekuwa peke yake katika kujua zimetoka kwa nani, alifurahi mno. Aliandaa sanduku la vichupa vilivyogandishwa, vya kupelekwa Ijumaa kwa vyuo vya nchi nyingine. Ndio utaratibu wa kazi hiyo: seli nzuri hugawiwa, na waliogawiwa hugawia wengine. Zikishatoka, hakuna awezaye kuzirudisha.

Tangu siku ile chumba kilianza kushika watu.

Alianza kushikwa Profesa aliporudi. Aliingia mchana kutazama chupa mara moja tu, na mlango ukakataa kumtoa. Ulikuwa mlango wa kubonyeza kitufe. Alibonyeza, taa ikawaka kijani kama kawaida, mlango haukusogea. Simu ndani ya zile kuta haikushika mtandao. Chumba hakikuwa na dirisha, kwa hiyo hakikuwa na asubuhi wala jioni, ila mwanga mweupe na mngurumo wa mashine. Alikaa humo mpaka mlinzi alipopita na kuusukuma mlango kwa kidole kimoja, ukafunguka.

"Umeme huu," Profesa alisema, akijifuta jasho.

Hakusema zaidi mbele ya mlinzi. Lakini baadaye alimvuta Kesho pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Binti, mama yako alikuwa akitembeaje?"

"Kwa nini, Profesa?"

"Nataka kujua tu."

"Akiburuta ndala. Mguu wa kulia ulikuwa mzito zaidi."

Profesa aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kunawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

Siku mbili kabla ya Ijumaa, Kesho aliingia akamkuta Darubini ameketi kwenye kiti cha mbele ya kabati la kazi, lile lenye kioo la kulishia seli. Hakuvaa glovu wala barakoa. Mikono yake mitupu ilikuwa imelala juu ya chupa za mama.

"Wewe, utazichafua!" Kesho alisema. Mlango ukajifunga nyuma yake kwa sauti ndogo ya mpira unaonyonya.

Darubini hakugeuka. Harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa nzito kiasi cha kuonjeka ulimini.

"Kitinda," alisema.

Kesho alishika ukuta. Jina lile, la kitinda mimba, lilikuwa la nyumbani peke yake. Pale chuoni hakuna aliyelijua.

"Mama?"

"Mimi siye mama yako." Sauti haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa imechoka tu. "Mama yako alikwenda. Mimi ndiye niliyeachwa."

Kesho alibonyeza kitufe, taa ikawa kijani, akabonyeza tena, akasukuma mlango kwa bega, akaupiga kwa ngumi na viatu na kumwita Profesa, mlinzi, yeyote, na sauti yake ikamrudia kavu kama mtu anayepiga kelele ndani ya mto wa kulalia, huku mngurumo wa kabati ukipanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka akatambua kwamba si mngurumo wa mashine tena bali ni pumzi, ile pumzi ya mwisho ya kitandani aliyoihesabu pamoja na kaka yake, inayotoka safari hii katika kila chupa kwa pamoja.

"Mama yako alikuwa kiti changu, nilimkalia kichwani tangu ujana wake," sauti iliendelea. "Tuliagana kwamba akizikwa, nami niende zangu, nisimguse mtoto wala mjukuu. Mmezika, mkabakiza. Nyama yake ikiwa hai sina njia ya kutoka. Ijumaa mtanigawa."

"Unataka zife," Kesho alinong'ona. "Basi kwa nini unazilisha?"

Darubini aligeuza shingo polepole, na katika macho yake kulikuwa na kitu ambacho Kesho hakukitegemea kabisa. Kilikuwa hofu.

"Si mimi," sauti ilisema. "Kila zinapokaribia kufa, mtu anazilisha. Nilidhani ni wewe."

Mlango ukafunguka. Profesa na mlinzi walikuwa nje, viganja vyekundu kwa kugonga. Darubini alianguka kutoka kitini.

Alizinduka haraka, akaomba maji, akauliza nani amemkanyaga. Lakini walipomtoa ili apelekwe hospitali, alipofika kizingiti cha mlango mkubwa wa jengo pumzi ilimkatika. Midomo ikawa ya kijivu. Wakamrudisha ndani, akapumua. Wakajaribu mlango wa nyuma, ikawa vilevile. Daktari wa chuo aliyekuja kumwona alisema ni hofu, na huenda hakukosea, kwani hofu nayo hufunga milango. Hata hivyo hakumtoa.

Mke wake alikuja na godoro, mswaki na shuka. Alitandika kwenye korido bila kumtazama mtu. "Nilikuwa namtania kwamba ameoa maabara," alisema. "Basi ndiyo nimemleta kwa mke mwenza."

Kesho alimpigia simu kaka yake, dereva wa malori. Alifika asubuhi yake, macho mekundu kwa barabara. Walisimama kwenye ngazi, wakazungumza kwa kunong'ona.

"Ulimkata mama?"

"Alikubali mwenyewe, kaka. Alitia dole gumba."

"Alikubali kwa sababu ni wewe uliyeomba. Ungemwomba macho angekupa."

"Na wewe ulijua alikuwa na jini, hukuniambia!"

"Ungesemaje? Wewe wa vitabu? Ungenicheka. Aliniambia mimi mkubwa. Akasema, 'Mimi ndiye wa mwisho, kiti hakiendi kwa mtoto wangu yeyote.' Alikitafutia mkataba miaka, Kitinda. Na mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea. Nikajua yamekwisha."

Kaka alikuwa amekuja na mganga, mtu mfupi mwenye miwani na shati lililopigwa pasi. Mlinzi alimpa koti jeupe, kofia, barakoa na mifuko ya kuvika viatu. Mganga alivivaa kimoja kimoja. "Hata majini wenyewe," alisema, "hawana masharti kama yenu."

Aliingia peke yake. Alikaa muda mrefu na mlango haukumzuia. Alipotoka hakuwa na jambo la kutisha usoni, ila huzuni.

"Mimi kazi yangu ni kumtoa jini kwa mtu," alisema. "Huyu hakumpanda mtu, amefungwa. Huyo kijana wenu, jini amemshika kama mtu anayezama anavyoshika nguo ya mwenzake. Zimeni hivyo vitu na atakwenda. Mkivipeleka nje, mtakuwa mmemfunga milele, na kijana mmemfunga naye."

"Na nani anazilisha?" Kesho aliuliza.

Mganga alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hilo sikuliona, mwanangu. Na nilitafuta."

Walikaa katika ofisi ya Profesa. Yeye hakuwa mtu wa kuamini majini, na hata siku ile hakusema kwamba ameamini. Alisema tu kwamba picha za protini zipo, vipimo vipo, na wagonjwa wengine wanaweza kuombwa seli zao. Itakuwa kuanza upya, na seli kama hizi hazitapatikana tena. Kisha akasema kuna kanuni: watoto wa marehemu wakiondoa ridhaa, kila kilichotoka kwake huteketezwa. "Lakini nawataka wote wawili. Mmoja hatoshi."

"Mimi naondoa," kaka alisema.

Kesho alikuwa akitazama magoti yake. "Miaka yake ya mwisho hakuweza kuinua kijiko," alisema. "Nikiweka jicho kwenye darubini ninamwona anatembea. Seli zake zinatembea, kaka. Zinanyoosha mguu, zinavuta mwili. Mnanitaka nimuue?"

Profesa alisogeza karatasi iliyokuwa mahali pake sawasawa. Kaka alinyoosha mkono, akaurudisha.

Kesho alitoka. Darubini alikuwa ameketi kwenye godoro lake, anatazama kioo cha mlango mkubwa, ambako watu walipita na mifuko, wakicheka, wakikimbilia vipindi. Alipomwona alijaribu kutengeneza uso.

"Usinitazame mimi, dada," alisema. "Mimi nina godoro, nina mswaki. Kuna wanafunzi hosteli hawana hata hivyo."

Kisha akarudisha macho kwenye kile kioo. Kesho alirudi ofisini na kusema, "Naondoa na mimi."

Darubini siku hizi anafundisha chuo kingine, na hakubali ofisi isiyo na dirisha. Husimulia kwamba adhuhuri ile ya kuteketezwa seli alikuwa kizingitini, mkewe amemshika mkono, akahisi kitu kinamvuka begani kama mtu mwenye haraka anayeomba njia. Akapiga hatua moja, akajikuta juani. Kama kweli ni jini aliyekwenda, au kama alikwenda peke yake, yeye hasemi.

Uamuzi wa siku ile ulikuwa huu: zisibaki, hata moja. Sanduku la Ijumaa na vichupa vyote vya kwenye tangi la baridi alivibeba Profesa mwenyewe mpaka kwenye mashine ya mvuke, miaka yake yote ya kazi ikimgongagonga kifuani, akabonyeza kitufe. Zilibaki chupa zilizo hai. Kaka alinyoosha mkono apewe klorini ya kuziua.

"Wewe ulishamaliza zamu yako kaburini," Kesho alimwambia, akaingia.

Zilipita dakika nyingi. Kaka alianza kuhema. Aliweka kinywa kwenye ufa wa mlango.

"Kitinda! Umefungiwa?"

"Haujafunga, kaka. Nasubiri."

Alikuwa ameweka chupa ya mwisho chini ya darubini. Zile nyingine zilikuwa zimeshageuka nyeupe kwenye sinki. Katika hii ya mwisho aliona seli moja iliyojikunja ikawa duara, katikati ya kugawanyika, imebanwa kiunoni kama mtu anayejifunga kanga. Hiyo ni kazi inayochukua muda kwa seli, na mama yake hakupenda mtu aachishwe kazi katikati. Alisubiri mpaka kiuno kikakatika na zikawa mbili, kila moja ikalala, ikaanza kunyoosha mguu wake.

Ndipo akafungua kifuniko, akamimina klorini mwenyewe.