Ndoo Sitini za Josiane

Siku hiyo tulikuwa tumemimina ndoo ya ishirini na mbili, na pipa lililokuwa juu ya sleji, kile kigari cha kuburuza thelujini, lilikuwa limefika nusu. Ilikuwa Machi. Theluji ya kwetu Quebec, Kanada, ilikuwa imeanza kulegea, na utomvu mtamu wa miti ya sukari ulidondoka haraka ndani ya ndoo tulizozitundika kwenye mashina. Kaka yangu Normand alikuwa anamimina, mimi nashikilia pipa, na binti yake Josiane, wa miaka minane, ametangulia. Anafunua kifuniko cha ndoo, anachungulia, anakigonga mara mbili, anataja namba, anakwenda mti unaofuata. Tukiruka mti mmoja, anarudi kuanza na wa kwanza. Ndoo zilikuwa sitini, na namba zake zilikuwa karibu maneno yake yote.

Ndugu zangu mnaonisoma, siku zile nazikumbuka kwa harufu: utomvu ukichemka bandani hadi uwe shira, moshi wa kuni, soksi za sufu zikikauka juu ya jiko. Ghislaine, mama yake Josiane, alituletea maharagwe yaliyopikwa kwa shira, tukala tumesimama. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, daktari wa mjini alituambia mtoto ana usonji. Alieleza kwa upole kwamba huo haukuwa ukaidi wala malezi mabaya. Kila badiliko aambiwe mapema, aonyeshwe, apewe muda. Aliyaandika yote kwenye karatasi. Normand aliikunja, akaitia kwenye droo ya jikoni chini ya kamba na mishumaa. Simlaumu sana. Kwetu, mambo ya nyumbani hayakutolewa nje.

Amani yetu ilivurugikia kwenye ngazi za kanisa, baada ya misa. Majirani wote walikwisha kutandaza mipira mirefu ya plastiki, kama ile ya kumwagilia bustani, inayopeleka utomvu bandani yenyewe. Clément, jirani yetu, alipenda utani.

"Normand, bado unazungusha ndoo? Au binti hajakupa ruhusa?"

Watu wakacheka. Normand akasema theluji bado nyingi. Clément akampiga begani.

"Hebu niambie, ndugu yangu. Pale kwako nani anamlea mwenzake?"

Jumanne, Josiane akiwa shuleni, tuliteremsha ndoo zote sitini, tukatandaza mipira. Ghislaine alimsihi mumewe amwambie mtoto kwanza, asubiri hata siku tatu. Normand akajibu kwamba akianza kumwomba ruhusa mtoto wa miaka minane, Clément atakuwa amesema kweli. Na mimi, niliyeisoma ile karatasi kwa siri mara mbili, nilizipokea ndoo nikazipanga. Sikumuunga mkono Ghislaine.

Saa kumi basi la shule lilimshusha Josiane. Akaitazama miti, akaitazama mipira, hakulia. Tukaambiana kumbe ilikuwa rahisi hivi. Baada ya dakika arobaini tukagundua kwamba buti zake hazikuwa mlangoni.

Wanaume wa jirani walikuja kumtafuta na pikipiki za theluji, Clément akiwa wa kwanza. Wakapita barabara ya msituni wakipiga honi na kuliita jina lake. Josiane hakuwa mtu wa kuitikia akiwa na hofu. Kelele zilimfanya akae kimya zaidi. Waliporudi bila kitu, Ghislaine akasimama mbele ya pikipiki ya Clément.

"Zima. Zimeni zote. Mwanangu hafuati barabara, anafuata ndoo."

Akaanza na mti wa kwanza, akaenda wa pili, kwa mpangilio ule wa mtoto, akitaja namba kwa sauti ya kawaida. Nyayo ndogo zilikuwapo, zimezunguka kila mti. Mti wa sitini ulikuwa ukingoni mwa kijito, na asubuhi ile Normand alikuwa ameukata ili apitishe mipira. Hapo ndipo tulipomkuta, amesimama majini kwenye barafu iliyopasuka, buti moja imepotea majini, anautafuta mti ambao haupo.

Mguu ulipona, ila vidole viwili vilivyoharibiwa na baridi vilikatwa. Namba nazo zikakoma. Mwaka mzima hakutamka hata moja.

Machi iliyofuata, Normand aliitoa karatasi kwenye droo, akaibandika ukutani watu wote waione. Kila jioni kwa wiki nzima alimchorea Josiane miti na ndoo, akimweleza siku watakayoanza. Siku ilipofika tulitundika ndoo tangu asubuhi. Safari hii mtoto alitufuata nyuma, akichechemea, kimya. Tulipomaliza mti wa kumi na tisa, mwanga ulikuwa umepungua. Normand akachuchumaa mbele yake.

"Josi, baba amechoka. Leo tunaishia hapa. Kesho tunaanza na mti ule."

Akangoja. Josiane alikwenda kwenye mti wa ishirini, akauwekea mkono, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi, kisha akarudi kwetu. Ndoo arobaini na moja, pamoja na ile ambayo mti wake haupo tena, tukaziacha juu ya sleji, tukaenda kula.

Funzo

Aibu ya mzazi mbele ya majirani hulipwa na mtoto. Ukielezwa namna ya kuishi na mwana mwenye usonji, usiyafiche maelezo hayo. Wape na wengine. Usimbadilishie jambo kabla ya kumwambia. Akipotea, mtafute kwa njia yake. Na wewe shangazi, mjomba au jirani, unayejua ukanyamaza, funzo hili lianzie kwako, kama lilivyopaswa kuanzia kwangu.