Nusu ya Ukurasa

Kila asubuhi Tegan Sculthorpe alikula mkate wake amesimama, kisha akakimbilia basi la shule. Jumamosi ile aliuacha mkate mezani. Jana yake, darasani, Lachlan Garrod alikuwa amesoma historia ya ukoo wake ulivyofika Tasmania, kisiwa cha Australia ambako zamani Waingereza walipeleka wafungwa wao.

"Sisi tulikuja Tasmania kwa nauli yetu," alisema. "Wenzetu waliletwa wakiwa na minyororo. Tegan, chunga mikono, baba ana kondoo."

Darasa zima lilicheka; wote walijua kuwa babu wa kale wa Tegan aliletwa kwa kosa la kuiba kondoo. Tegan aliapa kumkomesha.

Bibi yake, Dulcie, alimpeleka kwenye nyumba ya kumbukumbu za serikali, ambako vitabu vya wafungwa wa zamani husomwa kwenye kompyuta. Tegan hakumtafuta babu yao wa kale Amos, yule mwizi wa kondoo. Aliandika Garrod, na baada ya saa nzima akampata babu wa kale wa Lachlan: Edwin Garrod, umri miaka kumi na miwili, kosa kuiba kijiko, kifungo miaka saba.

Moyo ulimruka kwa furaha. Akachapisha ukurasa.

"Jumatatu naubandika ukutani. Nataka nimwone akitafuta pa kuficha uso."

"Umesoma mpaka chini?" bibi aliuliza.

"Kijiko kinanitosha, Bibi."

"Mimi hakinitoshi. Soma."

Chini kulikuwa na orodha ya adhabu. Tegan alisoma kwa sauti: "Siku kumi chumba cha giza. Alikutwa na mkate aliopewa na mfungwa Amos Sculthorpe."

Wakaufungua ukurasa wa Amos. Tarehe ilikuwa ileile: kumpa mtoto mkate, viboko ishirini na vitano.

Tegan akauchapisha na huo. Hasira bado ilikuwepo, ila sasa aliionea haya.

Jumatatu alimsubiri Lachlan getini, akampa kurasa zote mbili. Lachlan alisoma, masikio yakamwiva kwa aibu.

"Nyumbani hawajawahi kuniambia. Utawaonyesha wenzetu?"

"Nilikuja na pini nne mfukoni za kubandikia ukutani," Tegan alisema. "Waonyeshe mwenyewe."

Lachlan alisimama mbele ya darasa akasoma yote, hadi viboko vya Amos. Kisha akamwomba Tegan radhi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni bibi alisikiliza habari hiyo akimenya viazi.

"Lachlan alisema uongo bila kujua," alisema. "Wewe ungebandika kijiko peke yake, ungesema uongo ukijua. Ukishika maisha ya mtu, mjukuu wangu, yasome mpaka chini."

Tegan alitoa zile pini nne mfukoni, akazirudisha kwenye kopo la bibi.