Nukta Ishirini na Tano

Mama alikuwa fundi cherehani. Siku hiyo alikuwa anamalizia gauni la harusi la binti yake mkubwa. Harusi ilikuwa kesho. Kilichobaki ni kushonea utepe mweupe wa lesi, nao ulikuwa mita moja tu. Madukani utepe ule ulikuwa umekwisha.

Binti mdogo walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Siku nyingi alikuwa anaomba kushika mkasi.

"Haya, leo kata wewe," Mama alisema. "Dada yako ameandika vipimo viwili kwa chaki hapo mezani. Kirefu ni cha mbele ya kiuno. Kifupi ni cha mkono, na mikono ni miwili. Anza na cha kiunoni."

Chiriku alisoma: 0.5. Chini yake: 0.25.

"Nukta tano. Nukta ishirini na tano," alisema. "Ishirini na tano ndiyo kubwa!"

Alipima sentimita ishirini na tano, akakata.

Mama alikiweka kipande kwenye gauni. Kiliishia katikati ya kiuno.

"Mama yangu! Hiki atavaa nani, paka?"

Chiriku aliurudisha mkasi mezani. Machozi yalimlengalenga. Alimpenda dada yake, na sasa alikuwa amemharibia gauni.

Mwalimu, jirani yao, alikuwa amekuja kuchukua sketi yake. Alitazama zile namba za chaki.

"Umesoma nukta ishirini na tano?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hapo ndipo ulipoteleza. Baada ya nukta tunasoma tarakimu mojamoja. Nukta mbili tano."

Alimpa karatasi ndefu ya kukatia mitindo, ya mita moja. "Ikunje katikati. Umepata nini?"

"Nusu."

"Kunja tena."

"Robo." Chiriku aliikunjua, akatazama mikunjo. "Kumbe robo mbili ni sawa na nusu!"

"Sawasawa. Sasa, mita ina sentimita mia. Tukiigawa sehemu kumi, kila sehemu ni sentimita kumi. 0.5 ni sehemu tano kati ya kumi."

"Sentimita hamsini. Nusu!"

"Na 0.25 ni sehemu ishirini na tano kati ya mia."

Chiriku alipima robo moja ya karatasi. Sentimita ishirini na tano. Akakikodolea macho kile kipande cha utepe.

"Mama! Hiki ni robo. Ni cha mkono! Hakijaharibika!"

"Na utepe uliobaki?" Mama aliuliza.

"Robo tatu. Mbili ni za kiunoni. Moja ni ya mkono wa pili."

Mama alishusha pumzi. Akamrudishia mkasi. "Kata."

Chiriku alipima, akapima tena, ndipo akakata.

Kesho yake bibi harusi alijigeuza mbele ya kioo. Utepe ulimkaa vizuri.

"Nani kakata?"

"Mimi! Nukta tano, dada. Ni nusu, na ni robo mbili, na ni sehemu tano za kumi, na ni..."

"Chiriku," Mama alisema, "mwache dada yako aolewe kwanza."