Pembe ya Mwanalima

Mchuuzi wa papa alimkanyaga Mwanalima mguu katikati ya soko la Kismayo, na aliyeomba radhi akawa Mwanalima.

Ndivyo alivyokuwa mwaka ule. Mumewe wa kisiwa cha Koyama alimwacha kwa kuwa hakuzaa, akamrudisha kwa shangazi yake na kisanduku chake cha nguo. Tangu hapo mtoto wa watu alitembea akiambaa kuta, buibui limefika puani, akiona haya hata kumkatia mbuzi njia.

"Dada, aliyekanyagwa ni wewe. Radhi waiombea nini?"

Aliyesema alikuwa Nasrudin, mwuza pembe za nyati, mwanamume wa kikoi cheupe na kofia iliyolala upande, unga wa pembe umemjaa nyusi. Pembe zake alizinunua kwa watu wa mto Juba, akazichemsha na kuzikwangua, akawauzia wanawake wa vugo. Vugo ni ngoma ya harusi: wanawake hupiga pembe kwa kijiti, wakaimba na kucheza ndani ya ua uliozungushiwa nguo, jicho la mwanamume lisifike.

"Nimetumwa na shangazi yangu, Bi Barke. Pembe moja."

"Bi Barke pembe anayo. Hii ya nani?"

Mwanalima akatazama vidole vya miguu yake. "Yangu."

Nasrudin akagonga ya kwanza.

"Hiyo yalia puani," Mwanalima akasema.

Akagonga ya pili. "Na hii?"

"Hiyo ina homa."

Nasrudin akacheka hadi wauza ndizi wakageuka. Lori la Mtaliani likapita likipiga honi, wakangoja vumbi litulie, kisha akagonga ya tatu. Mwanalima akainua uso.

"Ndiyo hii."

"Hii nilitaka kujiwekea."

"Basi jiwekee."

"Nitajiwekeaje, nawe umeshaisikia?"

Jioni ile Bi Barke, kiongozi wa vugo mtaani kwao, alimweka safu ya nyuma. Mwanalima akagonga kama anayebisha hodi kwa watu wasiomtaka. "Mtu hapigi pembe kwa ncha za vidole, mwanangu," Bi Barke akamwambia. "Piga kwa hayo yaliyokukaa kifuani. Hapa hakuna mume."

Akapiga. Mabega yaliyokuwa yamejikunja tangu talaka yakafunguka moja baada ya jingine. Miezi miwili baadaye alikuwa safu ya mbele, amevaa leso mbili za rangi moja, asumini kichwani, akiimba maneno aliyoyatunga mwenyewe huku akigonga na kugeuka, akigonga na kuinama. Sokoni sasa alipita katikati ya njia. Mbuzi wakampisha.

Na pembe ikawa haiishi kukauka, kila Jumatatu lazima irudishwe kwa Nasrudin ipakwe mafuta.

"Mvua yanyesha wiki nzima," Nasrudin akasema, "na pembe yako yakauka?"

"Uliniuzia mbovu."

"Basi niirudishe na mwenyewe."

"Mwenyewe ana watu wake. Hachukuliwi dukani."

"Nitamtuma mama kwa Bi Barke, roho yangu. Mwezi ukiandama." Mwanalima akaondoka, na njia nzima akatabasamu ndani ya buibui.

Mambo hayakuungoja mwezi. Siku ya harusi ya jirani, alasiri, wanaume walikaa barazani ng'ambo ya njia, wakinywa kahawa. Ndani ya ua pembe zikalia. Nasrudin, kwa ile furaha ya mtu aliyependa, akasahau adabu aliyofunzwa tangu utotoni: kwamba jina la mwanamke wa vugo halipelekwi barazani.

"Huyo ni Mwanalima," akasema. "Sikilizeni. Sasa ameinama. Sasa amegeuka, na mabega yake hayo."

Alikuwapo Idarus, mtu asiyekaa na neno tumboni. Kabla ya magharibi mtaa ulikuwa umeambiwa kwamba Nasrudin ametoboa nguo ya ua na anachungulia. Kesho yake kisimani mwanamke mmoja akamwambia Mwanalima, "Mabega yako yamefika barazani kabla ya salamu zako."

Ndoo ilimponyoka. Aliona kama yuko uchi mbele ya mji mzima, na buibui analo. Akaenda dukani moja kwa moja.

"Ulinichungulia?"

"Wallahi sikuchungulia. Nilisikia. Pembe ile niliikwangua mwenyewe, na mkono wako naujua."

"Ulinitaja?"

Nasrudin akainamisha kichwa. Kofia ikamwanguka, asiiokote. "Nilikutaja. Nilikuwa najivunia."

"Siri yangu umeigawa kwa wanywa kahawa. Mamako asije."

Pembe akaifungia kisandukuni. Akarudi kuambaa kuta. Lakini lililomchoma zaidi hakumwambia mtu: yale maneno, ameinama, amegeuka, yalikuwa ya kweli, na moyo wake ulifurahi kusikiwa hivyo. Hilo aliliona aibu kuliko yote.

Siku ya kumi Nasrudin alikuja mlangoni kwa Bi Barke, mchana kweupe, baraza imejaa. "Nimekosa," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nipeni adhabu mtakayo."

Bi Barke akamtazama juu hadi chini. "Wasema ulisikia. Utasikia tena." Akawaita wanawake wa vugo uani kwake, akamkalisha Nasrudin kwenye kigoda nje ya ua, mgongo kwenye nguo, uso kwa wanaume wa barazani. Idarus akawa wa kwanza kucheka. Ndani, Bi Barke akakifungua kisanduku, akaitoa pembe ya Mwanalima, akampa Maimuna, jirani yao. Mwanalima akajikunja pembeni, leso mdomoni.

Pembe kumi na moja zikalia pamoja.

"Haya," Bi Barke akauliza kutoka ndani, "Mwanalima yuko wapi?"

Nasrudin akafumba macho. Jasho likamshuka shingoni.

"Pembe ni ile," akasema polepole. "Mkono si wake. Leo hapigi. Na kama ni mimi niliyemnyamazisha, sina uso wa kumtazama."

Maimuna akaacha kupiga. Wote wakamgeukia Mwanalima. Haya zilimpanda hadi masikioni, lakini akasimama. Akaichukua pembe yake, akaisogeza kwenye nguo, nyuma tu ya kichwa cha Nasrudin. Akagonga. Akainama, akagonga chini kabisa. Akageuka, mabega wazi, na pembe nyingine kumi zikamfuata.

"Haya, fundi wa masikio," Idarus akapaza sauti, "sasa afanya nini?"

Nasrudin alikuwa analia, waziwazi, mbele ya baraza nzima.

"Hilo ni lake," akajibu. "Mimi sisemi."

Idarus akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, wenziwe wakamwambia anywe kahawa yake.

Ndani pembe zikatulia. Sauti ya Mwanalima ikapita kwenye nguo, ndogo lakini haikujificha.

"Nasrudin."

"Labeka."

"Mwambie mamako aje. Na umwambie mapema, naja na pembe yangu."