Mkono Uliogoma Kushuka

Kirungu cha mbao kwenye mkono wa mashine kilikuwa kimelika upande usio wake. Kwa miaka thelathini Halvard Tveit aliuvuta mkono ule kwa kulia, na dole gumba lake lilikwisha kuacha alama. Sasa palikuwa na alama ya pili, mpya, ya dole gumba la kushoto. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyeshuka kwenye chumba kile cha chini ila yeye.

Mashine ilikuwa ya kujazia risasi upya, kila mvuto ukimimina kipimo kimoja cha baruti kwenye ganda tupu, nayo ilianza kugoma. Kila ganda la kumi hivi, mkono ulikwama katikati. Halvard alipaka grisi, akabadilisha pini, akaagiza kipuri kipya kwa posta, ukagoma vilevile. Kila ulipokwama alikung'uta baruti ya ganda lile kurudi koponi bila kuitazama, akaanza upya. Na kila ulipokwama, chumba kilinuka sufu iliyolowa theluji.

Jumanne alikuja Solveig, binti wa marehemu Sverre, mdogo wake Halvard, akiwa na chapati za viazi.

"Baba mkubwa, bado unagombana na hicho chuma? Nunua za dukani kama watu."

"Za dukani haziijui bunduki yako."

"Na wewe unanijua mimi? Hata simu hupokei." Akacheka. "Ijumaa napanda kuwinda kulungu. Nijazie ishirini. Baba alisema hakuna mkono kama wako."

Sverre, aliyefanya kila kitu kwa kushoto, alikufa mlimani kwenye theluji, ndani ya koti lake la sufu, miaka minne iliyopita, bunduki ikimpasukia usoni. Halvard peke yake alijua kwamba ganda lile alilijaza baruti mara mbili, siku waliyopiga soga akapoteza hesabu. Kwa sherifu wa polisi, kwa mjane, kwa binti huyu, alisema bunduki ilikuwa kuukuu.

Jumatano alimwita Mchungaji Aune, akamwambia kuna asiyeonekana chumbani. Wakasimama mbele ya mashine, wakinong'ona.

"Anakudhuru?" aliuliza mchungaji.

"Hapana. Ananizuia tu."

"Hakuna neno ulilomficha mtu?"

Halvard alitazama sakafu. "Hakuna."

"Basi nitamwamuru aende. Ila sijui alikuja kufanya nini, Halvard, na hilo silipendi."

Mchungaji aliweka kiganja juu ya chuma akaomba. Mkono wa mashine ukapanda wenyewe, polepole, ukashuka, ukatulia. Na ile harufu ya sufu ikapita katikati yao, ikapanda ngazi, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Chumba kikawa kikubwa ghafla.

Alhamisi Halvard alijaza ishirini. Mkono haukukwama hata mara moja. Alfajiri ya Ijumaa Solveig akazichukua.

Kulipokucha vizuri akapima baruti iliyobaki, kama afanyavyo kila mwenye kazi ile, akaona imepungua kuliko inavyopasa, akapima tena, akafuta mizani kwa shati akapima mara ya tatu, na kila mara mizani ilimwambia kwamba vipimo vilivyotoka koponi ni ishirini na kimoja, na maganda ni ishirini, na ndipo alipoelewa yale yote aliyoyakung'uta bila kutazama yalikuwa na nini ndani, na nani alikuwa ameushika mkono ule usishuke.

Akampigia Solveig, mlimani simu haikushika. Akampigia sherifu.

"Mrudisheni binti wa Sverre. Asifyatue."

"Kuna nini, mzee Tveit?"

"Moja ya risasi zake ina baruti mara mbili. Nimezijaza mimi."

"Kama ile ya Sverre?"

"Kama ile ya Sverre," alisema Halvard. "Ile pia niliijaza mimi."

Akaweka simu chini, akashuka, akakaa mbele ya mashine, akamwita ndugu yake kwa sauti ya chini, akimsihi arudi. Hapakuwa na harufu yoyote ila ya grisi. Kupitia dirisha dogo ukaingia mlio wa bunduki kutoka mlimani, kisha, baada ya pumzi chache, wa pili.

Zilibaki kumi na nane.