Kanzu Zisizo na Pindo

Asubuhi moja, katika nyumba yenye mlango wa buluu, fundi cherehani alikuwa chumba cha mbele akishona sare za shule. Mkewe alikuwa kwenye kigoda karibu na dirisha, anaota jua. Kiganjani alikuwa na vidonge vinne vyekundu.

"Kila siku namezeshwa matofali," mke alisema. "Mwisho nitakuwa ghorofa."

"Meza, Mama Twiga. Ghorofa haikohoi."

Mke akacheka, akameza, akasukumia kwa chai. Twiga, binti yao wa pekee mwenye miaka kumi na miwili, akachukua kalamu na kutia alama kwenye kadi ya zahanati iliyobandikwa ukutani. Jina hilo la utani alipewa na babake kwa jinsi alivyokuwa akirefuka. Sketi yake ya shule ilikuwa na mistari mitatu iliyofifia, alama za pindo lililofumuliwa na kushushwa mwaka baada ya mwaka. Ndivyo fundi alivyoshona nguo zote za watoto: pindo nene lilifichwa ndani, lisubiri miguu.

"Nguo ya mtoto huikati kwa mwili wa leo," alikuwa akiwaambia wazazi. "Unaikata kwa mwili unaokuja."

Kadi ile ilikuwa na viboksi vya miezi sita. Viwili vilikuwa vimejaa. Kifua kikuu kilichomkausha mama huyo hadi akawa mkaa wa mwisho jikoni kilikuwa kimeanza kusalimu amri. Kikohozi kilikuwa kimenyamaza, mashavu yalikuwa yanarudi. Itazameni vizuri nyumba hiyo, ndugu zangu, kabla haijabomolewa. Haikubomolewa na mvua wala moto. Ilibomolewa na mdomo wa mtu.

Mtu huyo alikuja na hema kubwa na vipaza sauti vinne, akalisimika hema kwenye uwanja wa mpira, akajiita Nabii. Akasema dunia imebakiwa na siku tisini. Alitaja siku, akataja na saa, kama mtu anayetangaza kuondoka kwa basi.

Fundi alikwenda hemani kwa nia njema kabisa. Mkewe alikuwa anapona, naye alitaka kushukuru. Kushukuru si kosa. Kosa ni kuichukua shukrani ya Mungu ukaenda kumkabidhi mtu aliyevaa suti ya kijivu. Jumapili ya pili Nabii alimnyooshea kidole mbele ya umati.

"Wewe, fundi. Mikono yako ndiyo itakayotuvika siku ile."

Jamani, sifa ni pombe. Fundi yule aliyekaa miaka ishirini nyuma ya cherehani bila mtu kumjua zaidi ya "fundi, suruali yangu vipi" sasa aliketi safu ya mbele. Akapewa kazi ya kushona kanzu nyeupe za waumini wote, wakubwa kwa watoto. Lakini kulikuwa na sharti moja.

"Zisiwe na pindo," Nabii alisema.

"Hata za watoto?"

"Hasa za watoto. Anayeacha pindo anangoja mwakani. Na anayengoja mwakani ameshamwita Mungu mwongo."

Umati ukaitikia amina. Neno pindo likageuka salamu. Waumini wakikutana kisimani au dukani, mmoja aliuliza, "Pindo?" mwenzake akajibu, "Halipo!" Fundi alikata kanzu za watoto zikaishia juu ya kifundo cha mguu, ukingo umefungwa kwa mshono mmoja mwembamba. Mkono wake ulisita kwenye ile ya kwanza. Kwenye ya kumi haukusita tena.

Siku ya ishirini ya zile tisini, alimkuta mkewe dirishani na vidonge mkononi.

"Hivyo ni vya nini?" aliuliza.

"Vya kuchezea bao," mke alimjibu. "Baba Twiga, si dawa yangu hii?"

"Dawa ya miezi sita, kwa dunia iliyobakiwa na siku sabini. Wewe unaona hesabu hiyo inaingia akilini?"

"Daktari alisema nisikatishe."

"Daktari hajui siku. Nabii anaijua. Ukimeza hivyo ni sawa na kuacha pindo. Unataka watu waseme mke wa fundi ndiye asiye na imani?"

Hakuwa mjinga mama yule, tena alijisikia mzima, na mtu aliyejisikia mzima ni rahisi kumdanganya. Lakini lililomshinda ni jingine: hakutaka kumwaibisha mumewe mbele ya watu waliokuwa wameanza kumheshimu. Akavirudisha vidonge kwenye pakiti. Fundi akaibandua kadi ukutani, akaichana. Twiga alibaki ameshika kalamu.

Baada ya wiki mbili muuguzi wa zahanati alibisha mlango wa buluu. Fundi alimzuia kizingitini.

"Nimemfuata mgonjwa wangu, baba. Hajaja kuchukua dawa."

"Huku hakuna mgonjwa. Tumeshapona kwa imani."

"Mimi naimba kwaya tangu msichana," muuguzi alisema. "Asubuhi nasali, kisha naenda kugawa vidonge. Sijaona siku hata moja vikigombana."

"Basi imani yako ina pindo."

"Sijui maneno yenu ya pindo. Ninachojua, wadudu wa ugonjwa huu hawasomi kalenda. Ukiwaua nusu ukawaacha, waliobaki wanarudi wameshaijua dawa. Niache nimwone tu."

Fundi alifunga mlango. Ndani, mkewe alisikia kila neno. Na majirani walisikia pia, msiseme hawakusikia. Walichungulia, wakatikisa vichwa, wakasema mambo ya dini hayaingiliwi. Kwani nyumba ya jirani ikiungua mnauliza kwanza moto ni wa dhehebu gani?

Siku ya hamsini kikohozi kilirudi. Kilianza kidogo, kama mgeni anayebisha hodi kwa ncha ya kidole, kisha kikahamia ndani na mizigo yake yote. Mke alipungua tena. Ile kanzu nyeupe ambayo mumewe alimshonea kwa vipimo vya mwili unaopona ikawa inamning'inia. Siku moja Twiga aliokota kitambaa chini ya kigoda kikiwa na damu, akampelekea babake mkononi. Fundi alikipokea, akakitazama, akasema, "Ni shetani anapigania siku zake za mwisho." Ndivyo alivyofundishwa kusema.

Zikabaki siku kumi na mbili. Mchana mmoja Nabii mwenyewe aliingia kwa fundi, simu sikioni, mfuko wa kitambaa mkononi. Aliweka mezani suruali ya shule ya kijana wake pamoja na kitambaa kipya cha kushonea nyingine kama hiyo. Akaiziba simu kwa kiganja.

"Nishonee kama hii, fundi. Ila uache pindo, vidole vinne hivi. Huyu mtoto anarefuka kama mhindi shambani, sitaki mwakani nihangaike tena."

Akarudi kwenye simu yake, akatoka.

Hakujua alichokisema. Alisema kama mzazi yeyote anavyosema kwa fundi yeyote, na kwa mara ya kwanza tangu afike mjini pale alikuwa amesema kweli. Cherehani ilisimama. Kwenye chumba cha nyuma mke alikuwa anakohoa. Fundi aliweka vidole vyake vinne kwenye ukingo wa kitambaa, akavitazama. Vidole vinne ni miaka miwili ya kurefuka. Labda mitatu.

Alimbeba mkewe mgongoni hadi zahanati, na Twiga mbele akiwasafishia njia. Muuguzi hakumsuta. Alimpokea mgonjwa, akampima, akaagiza gari la kumpeleka hospitali kubwa.

"Ataanza tena vile vyekundu?" fundi aliuliza.

"Vile vyekundu sasa vitapita kama maji," muuguzi alisema. "Wadudu walishavijua. Atapewa vingine vikali zaidi, kama mwili utavibeba."

Jumapili iliyotajwa ikafika. Watu walijazana uwanjani na kanzu zao nyeupe, wengine hawajalima, wengine wamewatoa watoto shuleni. Saa ikafika. Saa ikapita. Mtoto mmoja akaomba maji. Nabii akapanda jukwaani, uso mkavu, akatangaza kwamba maombi yao yamesikiwa, Mungu ameiahirisha siku kwa huruma, na tarehe mpya ingetangazwa baadaye.

Fundi alisimama. Hakuvaa kanzu. Mkononi alikuwa na suruali ya shule.

"Nabii, kazi yako iko tayari."

"Kaa chini, ndugu. Si wakati wake."

"Nimeacha vidole vinne, kama ulivyoniagiza siku kumi na mbili zilizopita. Ulisema ni vya mwakani. Mwakani upi?"

Akaugeuza mguu wa suruali ndani nje, akauma uzi kwa meno, akavuta. Pindo likaporomoka mbele ya umati, refu na jipya.

"Shetani ameingia kwenye sindano yako," Nabii alisema.

Mama mmoja muuza mkaa, mwenye watoto watatu waliovaa kanzu za juu ya kifundo, akasimama polepole. "Kumbe wa kwako atarefuka," alisema. "Wa kwetu ndio hawatarefuka."

Mngedhani umati ulimgeukia Nabii. Wapi. Wachache walivua kanzu wakaondoka na yule mama. Wengi walimsukuma fundi nje, wakamwita msaliti, na aliyempiga kofi ni muumini aliyekuwa akimsalimu "Pindo?" kila asubuhi. Ni vigumu mtu kukiri kwamba alivalishwa ujinga, hasa akiwa bado ameuvaa. Mwezi uliofuata hema lilihamia mji mwingine, na tarehe mpya.

Mama Twiga aliishi siku tisa baada ya mwisho wa dunia. Mumewe alikuwa kando ya kitanda.

"Baba Twiga," alisema kwa sauti nyembamba kama uzi, "ile ghorofa yangu imeishia kwenye msingi."

"Nisamehe, mke wangu."

"Mshushie mtoto sketi yake. Imempanda magotini."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa mumewe. Walipotafuta nguo nyeupe ya kumzika nayo, iliyokuwapo nyumbani ni moja: kanzu ile. Fundi alipoitandaza mezani ndipo alipoelewa alichokuwa akikishona siku zote zile. Nguo pekee ambayo fundi haiachii pindo ni sanda. Watu wote wa uwanja ule, na watoto wao, aliwashonea sanda wakiwa hai, na aliyeagiza akamwachia mwanawe vidole vinne.

Jioni ya mazishi aliketi kwenye cherehani, akafumua sketi ya Twiga. Ukaongezeka mstari wa nne.

FUNZO

Dini ni nguzo ya jamii. Huzika wafu wetu, hulisha yatima, humfanya muuguzi abishe mlango aliofungiwa. Dini ya namna hiyo humwandaa mtu kwa kesho. Lakini anayekutajia siku ya mwisho ili uache dawa, uache jembe na umtoe mtoto shuleni, huyo hakuhubirii Mungu. Anakuibia kesho yako huku akiihifadhi ya kwake. Usibishane naye kwa maandiko, atakushinda kwa kelele. Tazama anavyowashonea wanawe. Nawe jirani uliyechungulia ukanyamaza, usijinawe mikono, maji hayatoshi.

Nguo ya mtoto shona, pindo lake ulikuze,
Kesho hujapata ona, mtu asikueleze,
Dawa upewapo pona, sala zako ziongeze,
Nabii ukimuona, suruali muulize.