Nanga ya Saa Tisa

"Usimuguse, Myriam."

Sauti ya Kabeya, mkuu wake, ilikwaruza kwenye kipokezi cha sikioni. "Rigobert ameisha kuandika message. Akishituka, anabonyeza."

"Na Hénock?"

"Eko chini ya maji. Radio ya mashua imekufa."

Hénock alikuwa mdogo wake Myriam, mpiga mbizi. Wakati huo alikuwa kwenye sakafu ya Bahari ya Kaskazini, akikarabati waya mnene unaopitisha umeme kati ya Ubelgiji na Uingereza. Saa tisa kamili alasiri, Rigobert angeipelekea meli moja namba za mahali waya ulipolala. Meli ingeshusha nanga na kuuburuta hadi ukatike, pamoja na Hénock.

Meli ipi? Zilikuwepo kumi na saba. Doria ya kuzizuia ilikuwa inangoja saini.

Rigobert, mhandisi aliyeichora ramani ya waya huo, alisimama upande wa mbele ndani ya ukumbi wa matanga, Matonge, mtaa wa Wakongo huko Ubelgiji. Mkono mfukoni, kwenye simu ya Nokia. Marehemu alikuwa tonton wake, mjomba. Myriam alikuwa mlangoni, bastola ya Glock ndani ya mkoba, na kati yao walikaa wazee thelathini na wawili wa kusalimiwa kwa mkono, mmoja mmoja. Ukimruka mmoja, ukumbi mzima unageuka.

"Pole, papa. Pole, maman."

Saa tisa kasoro dakika tatu. Bado wazee watano.

Alijiona hafai kitu. Alipomfikia Rigobert, kidole chake kilishaanza kusogea mfukoni. Bastola ya nini?

"Bon, tushikane mikono," alisema maman Yolande, mjane wa marehemu. "Tuombe."

Akautoa mkono wa Rigobert mfukoni kama wa mtoto mtundu. Wa pili akaudaka Myriam.

Maombi yakaanza kwa Adamu.

Saa tisa. Rigobert akavuta mkono.

"Maman, nakuya sasa hivi, téléphone..."

"Rigobert! Tonton yako hayazikwa, na we unakimbia maombi? Tulia, alors!"

Wazee wakafumbua macho. Akatulia, jasho likimtiririka. Myriam hakuwa na la kufanya ila kuubana ule mkono na kuogopa. Maman akafika kwa Musa. Myriam, asiyekanyaga kanisani, aliomba maombi yasiishe.

Saa tisa na robo.

"Signature imefika," Kabeya alisema sikioni. "Doria iko juu ya waya. Mudogo yako ametoka. Analalamika baridi."

"Amina," alisema maman.

Pingu zikalia. Polisi wenzake Myriam wakaingia, wakamchukua Rigobert. Maman Yolande alikitazama kiganja chake kwa muda, haamini alikuwa ameshika nini. Myriam akageuka kuondoka.

"We mutoto, unaenda bila kuaga?"

Akarudi. Akaanza upya na papa wa kwanza. Akamaliza kwa mzee wa thelathini na mbili. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka.